Somo na Maji ya Shaabani

Jina lake analo, na bila shaka limeandikwa kwenye kitambulisho chake, lakini mtaani kwetu Malindi, mjini Unguja, hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Somo, kwa sababu ndiye aliyewafunda wanawake karibu wote wa vichochoro vile kabla hawajaolewa: namna ya kukaa, ya kupika, ya kunyamaza, na yale mengine ambayo mlango hufungwa kwanza. Wanaume nao humwita Somo, ingawa hawajui alisomesha nini hasa. Alizaliwa wapi na jamaa zake ni nani, sitaeleza. Kila aliyemuuliza alipewa jibu lake peke yake, na majibu hayo hayalingani.

Alikuwa mwongo. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana namsengenya. Aliongopa kama fundi anavyopiga msumari, pale tu kitu kinapotaka kuanguka. Mzee mmoja wa nyumba ya pili alikataa kabisa kumeza dawa yake ya presha. Mkewe alilia, watoto walimsihi, daktari alimtisha, hakusikia. Somo akapita barazani pake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amesikia dawa ile hurejesha ujana, ila wanaume wengi huona haya kusema. Tangu siku hiyo mzee huidai kabla ya chai. Mkewe alipokuja kushukuru alikuwa na malalamiko pia, maana mzee ameanza kujipaka hina ndevuni na kupita mbele ya kioo, lakini hayo Somo alisema hayamhusu.

Wanawali aliwafundisha subira, na yeye mwenyewe ameolewa mara tatu na kuondoka mara tatu, na waume wote wamebaki wakimsalimia kwa adabu. Alitufundisha kwamba sauti ya mwanamke isivuke kizingiti, na yeye akimwita muuza samaki kutoka dirishani, watu wa sokoni Darajani hugeuka. Alisisitiza chumba kiwe safi hata mgeni akiingia bila kutarajiwa asione kitu cha kusimulia. Chumba chake, juu ya ngazi yetu, kilijaa makopo matupu, vyungu vilivyovunjika masikio, na televisheni mbili, iliyokufa ikiwa imebebwa na iliyo hai. Ukimuuliza, hujibu kwamba yeye haolewi tena, kwa hivyo hana wa kumpangia.

Na jambo la simu sitamsamehe, ingawa limenifaa. Mwari anapowekwa ndani kungoja harusi, hasimami mlangoni, hapiki, hafui. Anakaa kitandani, anasingwa, ananenepa. Siku hizi hunyang'anywa na simu. Yangu Somo aliitia kifuani, na nikadhani imelala humo. Baada ya harusi ndipo nilipogundua kwamba wiki ile nzima alikuwa akimjibu mchumba wangu kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa nikimwandikia mambo ya nyota na mwezi. Somo alimwandikia, "Umekula?" Akijibiwa, aliandika, "Umekula nini?" Kisha, "Nani kapika?" Mume wangu ameniambia kwamba hiyo ndiyo wiki aliyoamini kweli nampenda, na mpaka leo tukigombana hunikumbusha kwamba zamani nilikuwa na huruma.

Wiki hiyo hiyo ndiyo nyumba yetu iliyoingia maji.

Anayejua Unguja anajua Shaabani ilivyo. Watu wote wanakumbuka kwa pamoja kwamba Ramadhani inakuja na harusi zitasimama, basi kila mwenye mchumba anataka kuoa kabla ya mwezi kuandama. Viti vya kukodi havipatikani, wapishi wa pilau wanajificha, na wapiga hina wanazungumza kama mawaziri. Mwaka ule Shaabani iliangukia kwenye masika, kwa hivyo pamoja na hayo yote ilikuwapo mvua. Kwangu mimi kulikuwa na zaidi. Harusi yangu ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara moja, baba yangu alipofariki, na mchumba wangu alikuwa amepata kazi Muscat na anaondoka siku chache baada ya mwezi kuandama. Ikiahirishwa tena, angeondoka bila mke, na nani ajuaye angerudi lini, na akiwa na nia gani. Mimi nilijua. Mama alijua. Hatukulizungumza.

Maji yalikuja mchana, kutoka kwenye mtaro wa nyuma, yakaingia bila hodi. Sisi tulikaa chini, vyumba viwili na ukumbi. Mimi nilikuwa juu ya kitanda cha besera, kile kirefu cha kupandia kigoda, uso na mikono imejaa singo, ule msugo wa maua na liwa anaopakwa biharusi. Nikataka kushuka nisaidie. Somo, aliyekuwa ananisugua mgongo, akanizuia kwa mkono mmoja. Mwari hakanyagi maji machafu. Basi nikabaki juu, na kila walichowahi kuokoa kikapandishwa kwangu: magodoro, redio, makasha ya sahani za harusi, mwisho kuku aliyechinjwa na bado hajapikwa. Viatu vya nyumba nzima vilipita mbele yangu vikielea, na kimoja si cha kwetu.

Asubuhi yake maji yalikuwa yametoka na tope limebaki. Lilikuwa tope la mtaro, jeusi, lenye chupa za plastiki na harufu ambayo sitaieleza kwa heshima ya msomaji. Zulia lilikuwa limevimba. Ukutani maji yalikuwa yameacha mstari hapa gotini, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Mama alizunguka vyumba vyote bila kugusa kitu, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya kupandia kwa Somo. Alikuwa ametoka eda miezi michache tu nyuma. Akaweka mikono mapajani, akasema tuahirishe.

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeagiza chumvi. Mimi kule juu nilianza kulia, na singo ikaniingia machoni nikalia zaidi.

Somo alishuka ngazi, akampita mama, akasimama katikati ya tope na kanga ameikunja mapajani. Akanitazama mimi, akamtazama mama. Kisha akasema, bila haraka:

"Ahirisha, hakukatazi mtu. Lakini ujue unamwambia nani. Mavyaa wa mwanao yule wa Makunduchi, akisikia maji yameingia alipowekwa mwari, atasema nuksi. Shaabani haiishi keshamtafutia mwanawe mke mwengine, wa kwao."

Mama akainua kichwa. Akauliza nani kasema hayo.

"Nlimsikia mwenyewe, kwa masikio yangu haya. Alisema mwari wa maji hamtaki nyumbani kwake."

"Mwanangu mimi, nuksi?" alisema mama.

Akasimama. Sijapata kumuona mama akisimama namna ile. Alichukua ufagio wa chelewa na kuanza kulisukuma tope kuelekea mlangoni, na kila akisukuma alikuwa akimjibu mama mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa Makunduchi, kilomita nyingi mbali, pengine anapaa samaki. Alimwambia kwamba sisi ni watu wasafi. Alimwambia kwamba marehemu mume wake alikuwa haingii ndani na viatu. Mpaka adhuhuri ukumbi wote ulikuwa umeonekana sakafu.

Sasa tatizo likawa muda. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na watu wa upande wa mume walikuwa wanakuja Alkhamisi baada ya alasiri kuleta begi la nguo za biharusi na kumuona mwari. Nyumba ilitakiwa ionekane haijapata kuona tone. Mchumba wangu alikuwa ameandika kuuliza mvua ya mjini ikoje, na mimi, yaani Somo, nikamjibu, "Manyunyu. Umekula?"

Mikono haikutosha, na mtaani kila nyumba ilikuwa na harusi yake au tope lake. Somo alitoka kukusanya watu. Huyu ana keki tanurini, yule ana mgeni kutoka Pemba, mwengine mgongo. Kwa wote alikuwa na neno moja: "Usinipe sababu, nipe ndoo." Alichukua ndoo kwanza, maana alijua mwanamke wa mtaa wetu haachi ndoo yake iende peke yake. Muda si mrefu ndoo zote zilikuwa kwetu na wenyewe wamezifuata.

Namna alivyowapanga ndiyo iliyokuwa sanaa yake. Walikuwapo majirani wawili waliokuwa hawasemezani tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo, ambao ulianza kwa shuka moja na ukafika mpaka kwa sheha wa mtaa. Mtu mwengine angewatenganisha, mmoja jikoni na mmoja ukumbini. Somo aliwapa zulia. Alimpa huyu ncha hii na yule ncha ile, akawaambia walikamue. Zulia zito la ukumbi halikamuliki isipokuwa mmoja asokote kulia na mwengine kushoto, na wapatane wakati gani. Walijaribu kimya kimya, likawazunguka, wakaanguka. Walijaribu tena. Mwishowe mmoja akasema, akiitazama dari, kwamba kuna watu hawajui kushoto ni wapi. Mwenzake akajibu. Zulia lilipokauka walikuwa wametukanana vya kutosha kurudi kuwa marafiki.

Na mimi je? Nilidhani kukaa juu kumeniokoa. Somo aliniletea beseni, mswaki wa zamani na kasha la sahani, akaviweka kitandani. Nikamkumbusha kwamba mwari hafanyi kazi.

"Mwari hakanyagi chini," alisema. "Mikono sikusikia. Umeekwa ndani, hukuekwa bure."

Nikasugua sahani zangu za harusi, moja moja, nikitoa tope kwenye maua ya ukingo, huku yeye akija kila mara kunigeuza na kunisinga upande wa pili. Alikuwa na mkono mmoja wa nyumba na mkono mmoja wa mimi, na nina hakika haikuwa mara zote alikumbuka ni upi.

Jumatano jioni nyumba ilikuwa safi, ila harufu ilikataa kutoka. Walimwaga dawa ya kuulia vijidudu, wakaweka majiko ya makaa vyumbani kukausha kuta, wakafukiza udi, lakini harufu ya mtaro ilikaa chini ya udi ikingoja. Mama alianza tena kuitazama ile ngazi. Somo akamuona. Akaja kitandani kwangu, akachukua bakuli la singo, lote, mlangilangi na asumini na liwa iliyosagwa kwa mkono, kazi ya wiki mbili ya shangazi yangu, akalimimina kwenye ndoo ya deki pamoja na chupa mbili za marashi. Wanawake wakachungulia ndani ya ndoo. Kisha wakapiga deki. Sakafu yetu ilisingwa siku ile kama haijapata kusingwa sakafu Unguja hii, na mimi nilimalizwa kwa unga wa dengu na maji ya kuoshea bakuli.

Ule mstari wa ukutani haukufutika. Somo alipigilia kanga kuzunguka chumba kizima, doti baada ya doti, zikining'inia kuanzia kiunoni mpaka chini.

Wageni walifika Alkhamisi na vigelegele. Mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mwenye macho yasiyo na haraka, na mimi nilikuwa nimekwisha kumuogopa siku mbili nzima kabla hajaketi. Alisimama kwanza akizitazama kanga. Akauliza mbona zimetundikwa chini hivi. Somo akamjibu kwamba ni mtindo mpya wa mjini. Watu wanakaa chini, na pambo limefuata macho. Akakubali, au alionekana kukubali. Akaja kwangu, nikiwa nimejifunika kanga mpaka puani, akanishika mkono, akaunusa kama wanavyofanya. Akanusa tena.

"Mwari hanukii," alisema.

Mama yangu alishika kifundo cha kanga yake. Somo hata hakugeuza kichwa, alikuwa anapanga vikombe.

"Bibi, umeingia nyumbani tangu pale mlangoni unamnusa yeye," alisema. "Pua yako ishajaa. Toka nje kidogo, urudi."

Na mama mkwe wangu, kwa haki ya Mungu, alitoka mpaka barazani, akapumua, akarudi. Akasema kweli, nyumba nzima inanukia biharusi. Vigelegele vikapigwa. Nilidhani tumepona. Ndipo akaketi kwenye mkeka, karibu na ukuta ambao bado ulikuwa unatoa maji kidogo kidogo, na nikamuona anapapasa mkeka kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. Alikuwa anafungua kinywa kuuliza. Somo alipita na sinia la sharbati ya ukwaju, akajikwaa kwenye sakafu isiyo na kitu chochote, na sinia zima likamwagikia mgeni.

Walimvua, wakamvisha kanga zetu, wakamuomba radhi, wakakausha mkeka wote. Hakuna aliyeweza tena kusema ni maji yapi yalikuwa ya nini. Mgeni alirudi Makunduchi ndani ya doti ya mama yangu, na mimi nikaolewa siku mbili baadaye, kabla mwezi haujaandama, na mume wangu akenda Muscat akiwa na mke.

Lakini ile hofu nilihamia nayo Fuoni, kwa mume. Kwa miaka yote tangu niolewe, mavyaa wangu hakupata kuona kwangu nguo iliyorowa wala kusikia paa linavuja. Mvua ikinyesha akiwa na sisi Fuoni, naziba madirisha na kuongeza sauti ya televisheni. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniona nikifanya hivyo mara nyingi na hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akashughulika na chai yake.

Mwaka huu bomba likapasuka jikoni kwangu, mavyaa akiwa amekuja kukaa. Nilimpeleka haraka kwa jamaa zake Jambiani, nikarudi nikafunga mlango, nikaanza kuyakomba maji peke yangu nikihema. Akarejea kabla ya wakati, alikuwa amesahau miwani yake. Aliniona nimepiga magoti ndani ya maji. Alikunja nguo yake, akachukua dekio, akanisaidia mpaka tukamaliza, na ndipo akaniuliza kwa nini nimemficha. Nikamwambia yote, nuksi, mwari wa maji, maneno yake mwenyewe. Alinisikiliza akishangaa. Akasema hajapata kuyasema hayo, wala hajapata kuyasikia, Makunduchi nzima, tangu azaliwe. Akaongeza kwamba wakati ule nyumba yetu aliiona ina unyevu, akadhani tumepiga deki kwa ajili yake, akafurahi.

Kesho yake nilikwenda Uroa, ambako Somo anaishi siku hizi kwa binti wa ndugu yake, kwa sababu ya miguu. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki uani, anachambua mchele na kumkemea mtu kwa simu kwa wakati mmoja. Nikamwamkia. "Marahaba," alisema, akaitia simu kifuani. Alinitazama usoni, akaujua ujio wangu.

"Ushamuuliza," alisema.

Nikamwambia sikuuliza, nimeambiwa. Nikamuuliza kwa nini. Nilikuja nimekasirika, na njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, makali.

Somo alirudi kwenye mchele wake. Akatoa chuya moja, akaitupa.

"Mamaako alikaa kwenye ngazi yangu," alisema. "Tangu babaako afe, mie simuoni anakasirika. Analia, anashukuru, analia. Akitaka kukasirika amkasirikie nani? Mume kafa. Mvua ya Mungu. Mtu hana wa kumkasirikia hainuki pale alipokaa. Basi nikampa mavyaako. Alikuwa mbali, hayamdhuru."

Kisha nikamuuliza kama mama alikufa akiamini hayo.

"Alijua. Alinijia hapa, mwaka ule kabla hajaanza kuumwa. Akaniuliza usoni khasa, nkamwambia."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Akanambia nisikwambie mpaka uulize mwenyewe. Kasema mtoto yule bila ya kumuogopa mtu hafagii uvunguni."

Yale maneno makali niliyokuja nayo sikuyapata tena. Mimi mama yangu sikumsikia akicheka tangu siku tuliyomzika baba. Nilimuona akitabasamu kwa ajili yetu, lakini kucheka, kule kwa kujisahau, hapana, na nilikuwa nimeshakubali kwamba baba alikwenda nako. Nikamuomba Somo anioneshe alivyocheka.

Somo aliweka ungo chini. Akajiweka sawa kitini, akavuta ukingo wa kanga akauziba nao mdomo kama mama alivyokuwa akifanya, akafumba macho, akacheka.